Vipimo, Msuguano na Upanukaji: Kuamua Uchakavu wa Injini ya Pikipiki ya Zamani

Mada za vipimo, msuguano na upanukaji wa vitu kwa joto husomwa katika vidato tofauti, na watahiniwa wengi huzirudia kila moja peke yake. Hapa tunaziunganisha katika kazi moja: kuifungua injini ya pikipiki ya zamani na kuamua ni kipande gani kirudishwe, kipi kichongwe na kipi kitupwe. Mtihani wa Fizikia utaufanya kwa Kiingereza. Maelezo haya ni ya Kiswahili ili wazo likae kwanza. Likikaa, istilahi za Kiingereza utazibandika juu yake bila shida.

Wazo lenyewe ni hili: kipande hakihukumiwi kwa umri wake wala kwa sura yake. Hupimwa, hulinganishwa na kikomo, kisha hupimwa pamoja na mwenzake kinachofanya naye kazi. Ndipo uamuzi hutolewa.

1. Pikipiki ya mfano wetu

Tutatumia Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1970. Ilibuniwa kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hubeba mizigo mizito, hupita barabara za vumbi na haipati matengenezo ya mara kwa mara. Kwa sababu hiyo valvu zake huendeshwa kwa fimbo za kusukuma, si kwa mnyororo mrefu unaohitaji kukazwa. Muundo wa injini hiyo ulinakiliwa sana nchini China, na bodaboda nyingi unazoziona Vwawa, Mlowo na Tunduma zina injini zilizotokana nao. Kwa hiyo ukiielewa injini hii ya zamani, umeelewa pia ile iliyokupeleka mnadani wiki iliyopita.

Kipenyo cha silinda yake ikiwa mpya ni milimita 56.5 na mwendo wa pistoni ni milimita 49.5. Ujazo wake unapatikana kwa kanuni ya mche duara:

V = π × r² × h
V = 3.14 × 2.825 × 2.825 × 4.95 = sentimita za ujazo 124

Hapo ndipo jina "125" linapotoka.

Sasa tuseme kijana wa Mbozi Mission amerithi CG125 iliyokaa ghalani miaka mingi. Anataka ibebe kahawa na mahindi kutoka shambani, na ikilazimu usiku impeleke mgonjwa hospitali. Anaweza kupoteza fedha kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutupa kipande kizima kwa sababu kinaonekana kikuukuu. Ya pili ni kurudisha kipande kibovu kwa sababu kinang'aa. Njia ya pili ni mbaya zaidi, maana injini ikinoki katikati ya mteremko gurudumu la nyuma linaweza kukwama ghafla, na aliyepakiwa nyuma hakupima kitu chochote.

2. Kwa nini silinda hulika

Pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda maelfu ya mara kwa dakika. Kinachozuia chuma kugusana na chuma ni utando mwembamba wa oili. Utando ukikatika, msuguano huongezeka na chuma hulika. Pia vumbi likipita kwenye kichujio cha hewa kilichotoboka, punje za mchanga hufanya kazi ya msasa.

Silinda hailiki sawasawa kila mahali. Hulika zaidi karibu na juu, pale ringi ya kwanza inapogeuka. Hapo pistoni husimama kwa nukta moja kabla ya kurudi, kwa hiyo oili haisambazwi vizuri. Joto ni kali, oili huwa nyepesi, na shinikizo la gesi huisukuma ringi dhidi ya ukuta kwa nguvu. Vilevile silinda hulika zaidi upande wa mbele na wa nyuma kuliko pande mbili zinazoelekea ncha za pini ya pistoni, kwa sababu konrodi inapoinama huisukuma pistoni mbele au nyuma. Matokeo yake ni mawili: silinda huwa pana juu kuliko chini, na duara lake huanza kuwa duaradufu.

Kumbuka mambo haya mawili. Ndiyo yanayotuambia tupime wapi.

3. Macho yanaona nini, hayaoni nini

Kabla ya kupima, osha vipande vyote na uvikaushe. Oili nzito huziba mwanya na kufanya beringi iliyokwisha ionekane imekaza.

Macho yana kazi yake. Yanaona ufa, kipande kilichomeguka, kutu iliyochimba, ringi iliyovunjika na rangi ya bluu inayoonyesha chuma kilipata joto kupita kiasi. Ukucha nao ni kifaa: upitishe polepole kwa mlalo kwenye ukuta wa silinda. Ukiteleza bila kukwama, mikwaruzo ni ya juujuu. Ukinasa, mkwaruzo umechimba, na silinda hiyo haitapona kwa kubadilisha ringi peke yake.

Lakini macho hayaoni sehemu ya mia ya milimita. Silinda iliyolika taratibu kwa miaka hubaki laini na ya kupendeza kama kioo. Moshi wa bluu nao hautoi jibu kamili. Unasema oili inaungua, lakini hausemi kama imepita kwenye ringi au imevuja kupitia mpira wa valvu. Moshi ni sababu ya kufungua injini, si sababu ya kununua pistoni.

4. Kuchagua kifaa

Venia kalipa ya kawaida shuleni husoma hadi milimita 0.1. Maikromita husoma hadi milimita 0.01, kwa sababu ngoma yake ina migawanyo 50 na mzunguko mmoja husogeza skrubu milimita 0.5:

0.5 ÷ 50 = 0.01

Tukipima kwa venia kalipa ya shuleni, pistoni ya mfano wetu itasoma 56.4 na silinda 56.5. Tofauti ni 0.1, na kosa la kila usomaji linaweza kufika 0.1. Kosa ni kubwa sawa na kitu tunachokitafuta! Kipimo hicho hakitoi hukumu yoyote.

Angalia pia ukubwa wa maikromita. Ile iliyozoeleka maabara hupima kuanzia 0 hadi milimita 25. Kwa pistoni hii unahitaji ya milimita 50 hadi 75, ambayo huja na kijiti cha kuhakikishia chenye urefu wa milimita 50.00. Ndani ya silinda hutumika geji ya kutanuka: huingizwa, hufunguka mpaka iguse kuta, hufungwa kwa skrubu, hutolewa, kisha urefu wake hupimwa kwa maikromita ileile.

5. Kupima

Tuseme maikromita yetu ikipima kijiti cha milimita 50.00 inasoma 50.02. Kosa la sifuri ni +0.02, kwa hiyo tutatoa 0.02 katika kila usomaji.

Silinda hupimwa mahali sita: juu, katikati na chini, na kila kimo kwa pande mbili zinazokatana kwa nyuzi 90. Baada ya kutoa kosa la sifuri tumepata, kwa milimita:

Juu: mbele–nyuma 56.55, sambamba na pini 56.53
Katikati: mbele–nyuma 56.53, sambamba na pini 56.52
Chini: mbele–nyuma 56.50; sambamba na pini 56.50

Tofauti ya juu na chini ni 56.55 − 56.50 = 0.05. Tofauti ya pande mbili pale juu ni 56.55 − 56.53 = 0.02. Silinda imelika kama tulivyotabiri katika sehemu ya 2.

Pistoni hupimwa kwenye sketi yake, karibu milimita 10 juu ya ukingo wa chini, kwa upande unaokatana na pini kwa nyuzi 90. Usipime mahali pengine. Pistoni hutengenezwa ikiwa na duaradufu kidogo na nyembamba zaidi juu, ili ikipata moto ikae vizuri ndani ya silinda. Maikromita imesoma 56.39. Kipenyo halisi ni 56.39 − 0.02 = 56.37.

6. Kutoa hukumu

Kila mtengenezaji huchapisha vikomo katika mwongozo wa matengenezo. Kwa zoezi hili tuchukue vikomo vifuatavyo. Ukiwa na injini halisi fuata mwongozo wake.

Silinda: isizidi milimita 56.60
Pistoni: isipungue milimita 56.35
Mwanya kati ya pistoni na silinda: usizidi milimita 0.10

Silinda ni 56.55. Imepita. Pistoni ni 56.37. Imepita. Wengi huishia hapa na kurudisha vyote viwili. Sasa piga hesabu ya mwanya:

56.55 − 56.37 = milimita 0.18

Mwanya umezidi kikomo kwa milimita 0.08. Kila kimoja ni kizima peke yake, lakini wawili hao hawafai tena kuishi pamoja. Pistoni itayumba, itagonga kuta, itaharibu ringi na kupitisha gesi.

Je, silinda ichongwe? Hapa ndipo fundi mwenye haraka hutuma silinda kwenye kerezo, inachongwa hadi 56.75, na kuwekewa pistoni iliyozidi kwa milimita 0.25. Subiri. Tuseme pistoni mpya ya kipenyo cha kawaida tumeipima dukani ni 56.47:

56.55 − 56.47 = milimita 0.08

Ni chini ya 0.10. Pistoni mpya na ringi zake zinatosha. Silinda isichongwe.

Uamuzi huu una uzito kwa sababu kuchonga hakuna kurudi nyuma. Kwa kawaida pistoni za kuzidi huuzwa kwa hatua nne: 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Silinda ya pikipiki ya zamani ina nafasi hizo tu, kisha ukuta wake umekwisha. Anayechonga bila kupima ametumia nafasi moja bure, na spea ya silinda halisi ya pikipiki ya zamani si rahisi kuipata. Usidanganyike pia kwamba kuchonga huongeza nguvu. Kwa kipenyo cha 56.75 ujazo hufika karibu sentimita za ujazo 125, ongezeko la takriban moja tu.

Vipimo vikikulazimisha kuchonga, nunua pistoni kwanza, uipime, kisha umpe fundi wa kerezo aichonge silinda kulingana na pistoni hiyo. Kilichoandikwa kwenye boksi si lazima kiwe ndicho kilichomo ndani.

7. Ukikosa maikromita: njia ya ringi

Gereji nyingi hazina maikromita ya milimita 50 hadi 75. Lakini fila geji, yaani vibamba vyembamba vya chuma vyenye unene unaojulikana, hupatikana kwa bei nafuu. Kwa kifaa hicho na hesabu ya duara tunaweza kukadiria uchakavu.

Chukua ringi mpya ya kipenyo cha kawaida. Iingize ndani ya silinda na uisukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa bila kuinama. Pima mwanya kati ya ncha zake mbili, kwanza chini kabisa ambako silinda haijalika, kisha juu ilikolika zaidi. Tuseme chini mwanya ni 0.20 na juu ni 0.36.

Mzingo wa duara ni π mara kipenyo. Urefu wa ringi yenyewe haubadiliki, kwa hiyo mzingo wa silinda ukiongezeka, ongezeko lote hujitokeza kwenye mwanya:

Ongezeko la mwanya = π × ongezeko la kipenyo
0.36 − 0.20 = 0.16
0.16 ÷ 3.14 = milimita 0.05

Jibu ni lilelile tulilolipata kwa maikromita. Uzuri wa njia hii uko kwenye π: uchakavu wa 0.05 ambao ni mgumu kuupima umekuzwa zaidi ya mara tatu na kuwa 0.16, unaopimika kwa vibamba. Udhaifu wake ni kwamba haionyeshi duaradufu, na ikiwa hata chini kumelika, makadirio yatakuwa madogo kuliko ukweli.

8. Joto wakati wa kupima

Pistoni ni ya alumini, ambayo urefu wake huongezeka kwa karibu sehemu 23 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya selsiasi. Chuma cha kalibu cha ukuta wa silinda huongezeka kwa karibu sehemu 11. Alumini hupanuka takriban mara mbili ya chuma. Ndiyo maana lazima pawepo mwanya injini ikiwa ya baridi. Bila mwanya, pistoni ikipata moto hujaa ndani ya silinda, oili hukatika na injini hunoki.

Tabia hii huathiri hata upimaji. Asubuhi za Juni na Julai Mbozi zina baridi kali. Ukipima silinda iliyolala sakafuni, kisha pistoni uliyoianika juani ikawa na joto zaidi kwa nyuzi 10, pistoni itakuwa imekua kwa:

56.47 × 0.000023 × 10 = milimita 0.013

Hiyo ni zaidi ya mgawanyo mmoja wa maikromita. Acha vipande vyote vikae pamoja kivulini kwa saa kadhaa, ndipo upime.

9. Krenki, beringi na valvu

Konrodi: ishike katikati. Kwenye sehemu inayoshikana na krenki, kuyumba kidogo kushoto na kulia ni kwa kawaida. Mtengenezaji ameacha nafasi hiyo ili oili iingie. Lakini ukiivuta juu na kuisukuma chini usisikie mlio wala mruko wowote. Ukiusikia, beringi yake imekwisha hata kama krenki inang'aa.

Beringi: baada ya kuiosha na kuikausha, izungushe polepole kwa kidole. Ikikwaruza au kushikashika, ibadilishe. Usiizungushe kwa upepo wa kompresa. Inaweza kufika mwendo mkubwa bila oili na kuharibika hapo hapo.

Fimbo za valvu: zizungushe juu ya kioo kilicholala sawa. Iliyopinda itaacha mwanga kupita chini yake.

Valvu: zikiwa zimefungwa kwenye kichwa cha injini, mimina mafuta ya taa kwenye tundu la hewa na usubiri. Yakivuja kuelekea chumba cha mwako, valvu haikai vizuri kwenye kiti chake. Mara nyingi kusaga kwa dawa ya valvu hutosha. Shina likilegea ndani ya mwongozo wake, kusaga hakutasaidia.

10. Makosa yanayowagharimu watahiniwa

Kutafuta wastani pasipostahili. Ukipima kitu kimoja mahali pamoja mara tatu, tafuta wastani, kwa sababu unapunguza makosa ya usomaji. Lakini vipimo sita vya silinda ni vya mahali sita tofauti. Wastani wake ni 56.52, na ukiutumia utaficha mahali palipolika zaidi. Hapa tunachukua kipimo kikubwa kuliko vyote.

Kusahau kosa la sifuri. Angalia jambo hili: bila kusahihisha, silinda ingesoma 56.57 na pistoni 56.39, na tofauti ingebaki 0.18. Kosa la sifuri hujifuta unapotafuta tofauti ya vipimo viwili vya kifaa kimoja. Halijifuti unapolinganisha kipimo kimoja na kikomo.

Kuandika tarakimu zisizo na msingi. Kikokotoo kitakupa 0.16 ÷ 3.14 = 0.0509554. Fila geji haikupima hivyo. Andika 0.05.

Kuacha kizio. "0.18" peke yake haijulikani ni ya nini.

Maswali ya kujipima

1. Mkono wa maikromita unaonyesha milimita 53.5 na mstari wa ngoma unaolingana ni wa 28. Kosa la sifuri ni +0.02. Tafuta kipimo sahihi.

2. Ringi mpya ina mwanya wa milimita 0.22 chini ya silinda na 0.50 juu. Kipenyo cha chini ni 56.50. (a) Tafuta kipenyo cha juu. (b) Kwa vikomo vya sehemu ya 6 na pistoni mpya ya 56.47, je, silinda ichongwe?

3. Kwa nini pistoni na silinda zilizopita kila moja peke yake zinaweza kukataliwa zikiwa pamoja?

Majibu

1. 53.5 + 0.28 − 0.02 = milimita 53.76.

2. (a) 0.50 − 0.22 = 0.28, 0.28 ÷ 3.14 = 0.09, kipenyo ni milimita 56.59. (b) Silinda haijavuka 56.60, lakini mwanya ni 56.59 − 56.47 = 0.12, umezidi 0.10. Ichongwe. Aliyejibu "isichongwe" kwa kuangalia kikomo cha silinda pekee asome tena sehemu ya 6.

3. Kwa sababu kinachoamua utendaji ni mwanya kati yake. Silinda iliyokaribia kikomo cha juu na pistoni iliyokaribia kikomo cha chini huacha mwanya mkubwa kuliko unaoruhusiwa.